Masila wa Kwenye Kadi

Masinga
12 Januari 2025

Mume wangu Kimeu,

Salamu nitaziweka mwishoni, kwa sababu wewe ukishapata salamu unakunja barua ukidhani umemaliza. Nakujua. Babu yako alikuwa hivyo hivyo, na ndiyo maana siku walipokupa jina lake nilijua nimepewa mume wa pili mwenye tabia za yule wa kwanza. Tofauti ni kwamba yule aliwahi kuninunulia leso.

Redio imefika salama. Mueni aliichukua ofisi ya vifurushi akaniletea mwenyewe, akataka kunionyesha mahali kadi inapoingia. Nilimwambia binamu yako asinifundishe, mimi nilikuwa nachomeka waya kwenye ubao wa simu pale posta ya Machakos kabla mama yake hajazaliwa. Kisha nikaiingiza kinyume. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini wewe huna ruhusa ya kucheka.

Basi nimewasikiliza hao watu wako uliowaweka kwenye kadi. Kiingereza chao nakielewa, posta hatukuzungumza Kikamba na wakubwa. Lakini mbona wanaume wawili wanacheka kwanza, halafu wanauza magodoro, halafu wanacheka tena, ndipo waanze kusema? Posta tungewakatia laini. Hata hivyo nimesikiliza mpaka mwisho, kwa sababu uliniandikia kwamba ukitembea kwenda kazini ndio unaowasikiliza, nami nilitaka kutembea na wewe kidogo.

Niambie jambo moja. Ukifika huko kazini, unafanya nini? Wanawake wa jumuiya ya kanisa wananiuliza, nami nawaambia "kompyuta". Wakiuliza zaidi nakohoa.

Na usiniambie tena nikubali kupigiwa simu. Nilishika simu za watu wengine ujana wangu wote. Nimestaafu.

Salamu ndizo hizi sasa. Nakupenda, kula vizuri.

Ni mimi mke wako,
Mbithe


Mlolongo
2 Februari 2025

Mke wangu Susu,

Leso nitaleta, nyanya yangu. Lakini babu alikuwa na shamba na ng'ombe, mimi niko na chumba kimoja na jirani anayepika matumbo kila siku, kwa hiyo usitulinganishe.

Umeuliza kazi yangu. Waambie jumuiya kwamba mume wako analipwa kuharibu vitu. Wenzangu wanaandika programu za kompyuta, zile za kununua tiketi au kuagiza dawa, kisha wananipa mimi kabla hazijawafikia watu. Mimi nabonyeza pale ambapo mtu hatakiwi kubonyeza. Naandika jina mahali pa nambari ya simu. Nafunga katikati, narudi, nafunga tena. Ikikwama nafurahi, naandika ilivyokwama, wanaitengeneza. Wewe na kadi yako ya kinyume mngeajiriwa kesho.

Na hizo podikasti, yaani vipindi ambavyo mtu anavisikiliza wakati wowote apendao, si starehe tu. Kazi hii haikai mahali pamoja. Niliyofundishwa chuoni yameshazeeka, na hakuna anayetuita darasani kutupa mapya. Kwa hiyo kila asubuhi, nikipita yale malori yanayongoja kupimwa uzito, niko na vipokea sauti masikioni, na nikifika ofisini najua kilichotokea wiki hiyo Marekani na India. Anayeacha kusikiliza anaamka siku moja anakuta kazi imehama.

Siku hizi habari kubwa ni akili bandia. Wanasema mashine zimeanza kuandika programu zenyewe, na kuzipima zenyewe. Wale wawili wanaocheka wanasema haitachukua muda mrefu. Mimi nasema watu wanaocheka kiasi kile hawawezi kuwa na habari za uhakika.

Nimeweka vingine vipya kwenye kadi. Rudisha ile ya zamani kupitia kwa Mueni.

Mume wako mpole,
Kimeu


Mlolongo
16 Machi 2025

Mueni,

Karatasi hii ni yako, si ya Susu. Isome kisha uitupe motoni.

Wale wawili walikuwa na habari za uhakika. Sisi wote tuliokuwa tunapima programu tumeachishwa kazi. Meneja alituita chumba cha mikutano, akatuwekea soda, nikajua. Mashine sasa ndiyo inayopima, na wamebakiza mtu mmoja wa kuiangalia. Huyo mmoja si mimi.

Tafadhali Susu asijue. Ananitaja kila Jumapili kanisani kama mtu aliyepata cheo. Ataanza kufunga na kusali kwa ajili yangu, na katika umri wake sitaki. Nikipata kazi nyingine nitamwambia yote kwa pamoja.

Kuna jambo lingine. Nilipokaa nyumbani niliendelea kusikiliza vile vipindi, mazoea tu, na nikawa nasema peke yangu: hii mbona hakuna anayewaeleza watu wetu kwa Kiswahili, na Kikamba kidogo cha kuchekesha? Basi nimetengeneza kipindi. Nilikuwa na maikrofoni ya mikutano ya kazini, nikaingia ndani ya kabati la nguo ili malori yasisikike, nikaongea. Nimejiita Masila na nimenenepesha sauti. Kiko kwenye intaneti, na nimekiweka pia kwenye kadi ya Susu, katikati ya wale wazungu. Sitaki ajue ni mimi. Nataka nione kama mtu asiyenihurumia ataweza kukisikiliza mpaka mwisho.

Binamu yako,
Kimeu


Masinga
6 Aprili 2025

Mume wangu,

Mvua imenyesha na nimepanda pojo na kunde. Mgongo unauma vile unavyotakiwa kuuma.

Kadi nimeisikiliza yote. Wazungu ni wale wale, ila mmoja ana mafua. Lakini umemtoa wapi huyu kijana anayeitwa Masila? Nilishtuka kusikia redio inaongea lugha ya nyumbani. Nimpe haki yake, anajua anachosema. Alipoeleza jinsi akili bandia inavyokisia neno linalofuata, nilielewa, na sikutegemea kuelewa. Lakini mwambie mambo haya kama mnafahamiana.

Anakimbia. Anaongea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mzee akisikia jambo jipya anataka nafasi ya kusema "eeh!" na Masila hampi hiyo nafasi.

Sauti yake ni nene kuliko kifua chake. Inasikika kama mtu aliyevaa koti la baba yake. Apunguze.

Na anaongelea wapi, ndani ya ghala la mahindi? Halafu karibu na hilo ghala kuna shule. Nimewasikia watoto wakiimba wimbo wa taifa.

Lakini asiache. Kuna swali nataka amjibu mtu kama mimi. Simu ikiuliza kama inaruhusiwa kusikiliza maikrofoni na kuona ulipo, na mwenye simu anaendesha pikipiki na hana wakati wa kusoma, abonyeze ndiyo au hapana? Nauliza kwa ajili yangu mwenyewe.

Kazini wanakutunza? Mwambie meneja namsalimu.

Mke wako,
Mbithe


Mlolongo
27 Aprili 2025

Mke wangu Susu,

Tangu lini unaendesha pikipiki? Nitamwambia padri.

Huyo Masila simfahamu sana, ni mtu wa upande wa Machakos, nafikiri. Lakini nimemwandikia na kumpa maneno yako. Ameyapokea vizuri. Amesema lile la koti la baba yake limemkaa moyoni siku kadhaa. Swali lako amelijibu, liko kwenye kadi hii, na amejaribu kwenda polepole. Ukisikia mahali pa kusema "eeh!" basi useme, ameacha nafasi kwa ajili yako.

Kazini salama. Meneja amefurahia salamu.

Mimi niko sawa, Susu. Usiniombee sana, waombee na wengine.

Kimeu


Masinga
25 Mei 2025

Mume wangu,

Nimesema "eeh!" mara nne, na mara moja nikasema "haiya!" Masila amekua. Sauti amepunguza, sasa amebaki na koti la kaka yake.

Nina maswali mengine. Kama mtu ni mwalimu, na wanafunzi wanaleta insha tamu kuliko uwezo wao, afanyeje ili ajue ni mashine iliyoandika? Na kama mtu anauza samaki wa bwawani, na kuna programu inayomwambia bei ya Nairobi kabla hajaamka, je, hiyo bei inatoka wapi, na ni nani aliyeiweka? Na kama mtu ametumiwa ujumbe kwamba ameshinda friji, na hakucheza mchezo wowote, awajibu au anyamaze? Yote haya nauliza mimi. Nimekuwa na mawazo mengi mwaka huu.

Halafu, huyo Masila ameoa? Sauti yake ni ya mtu ambaye hali mboga. Nikimpata nitampikia muthokoi na kunde, mahindi yaliyokobolewa vizuri, si yale ya dukani. Muulize anapenda nini.

Wewe barua zako zimekuwa fupi. Zamani ulikuwa unaniambia hata habari za jirani wa matumbo. Nakuuliza tu.

Mke wako anayekupenda hata ukinyamaza,
Mbithe


Masinga
22 Juni 2025

Kimeu, niaje,

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu nikikutumia meseji utanipigia, na mimi niko dukani na wateja.

Sikia, mimi nimechoka na nyinyi wawili. Wewe unaniambia nisiseme, na kuna mwingine ananiambia nisiseme, na mimi niko katikati kama mtu amebeba mayai ya watu. Sitasema kitu. Lakini wewe usidhani huku Masinga watu wamelala.

Na hiyo kipindi usiache. Siwezi kukuambia kwa nini. Usiache tu.

Umekonda? Rafiki yangu Carol alipita Mlolongo akasema alikuona mbali, na shati inakukaa vibaya.

Mueni


Mlolongo
20 Julai 2025

Mueni,

Carol ana macho. Ndiyo, nimekonda kidogo.

Nimepata kazi, si ya kompyuta. Niko kwenye lango la machimbo ya mawe, naandikia malori karatasi ya kutokea. Ni watu wazuri na sina neno nao. Lakini nikitoka pale nina vumbi mpaka ndani ya masikio, na ninaingia kwenye lile kabati kuongea juu ya mambo ambayo sina tena haki ya kuyaongea. Mtu wa langoni anafundisha nani habari za programu?

Na isitoshe hakuna anayesikiliza. Ule mtandao unakuonyesha hesabu. Kipindi cha mwisho kimesikilizwa na watu tisa, na mmoja ni mimi nikihakikisha kinafunguka. Wa pili nadhani ni wewe. Susu yuko kwenye kadi, lakini Susu ni Susu, angesikiliza hata nikisoma bei za misumari.

Kwa hiyo nimemaliza. Masila amefungwa. Kuna mtu wa kwaya anaitaka maikrofoni, nitampa. Kwenye kadi nimewaacha wale wawili wanaocheka peke yao, na Susu akiuliza, mwambie Masila amehama.

Siumwi, Mueni. Nilipenda tu ile kazi, na sasa najifunza kutoipenda.

Kimeu


Masinga
10 Agosti 2025

Mume wangu Kimeu,

Kadi imefika bila Masila. Niliisikiliza yote nikidhani amewekwa mwisho. Nikawasikiliza wale wawili wakicheka, wakiuza godoro, wakicheka, na nikaingia jikoni nikalia kidogo, kisha nikatoka nikaja kukuandikia. Mueni amenieleza yaliyobaki. Usimgombeze, nilimfungia mlango wa duka akiwa ndani.

Masila ni wewe. Nilijua kabla hujamaliza kusema "karibuni".

Mwanangu, kazi yangu ilikuwa sauti. Sikuwahi kuona nyuso za watu niliokuwa nawaunganisha, lakini nilijua nani amegombana na mkewe na nani amepandishwa cheo. Walikuwepo wakubwa waliobadilisha sauti ili nisijue wanampigia nani, nami nikawaunganisha bila kusema neno. Mtu anaweza kunenepesha sauti, pumzi hawezi. Babu yako alivuta pumzi kabla ya kusema "lakini", kama mtu anayeruka mtaro. Nimekaa miaka mingi bila kuisikia pumzi hiyo. Halafu siku moja naweka kadi kwenye redio, na mtu anaitwa Masila anaruka mtaro mbele yangu. Nilikaa chini na pojo mapajani, sikuchambua hata moja.

Kazi kwamba imekwisha nilijua siku hiyo hiyo. Watoto wa shule huimba wimbo wa taifa bendera ikipandishwa, Jumatatu na Ijumaa asubuhi. Mtu aliyeajiriwa hawezi kuwa ndani ya ghala saa hizo.

Utauliza mbona nilinyamaza, tena nikamsalimia meneja. Nilinyamaza kwa sababu niliwahi kufanyiwa hivyo na ikanisaidia. Posta ilipoleta mashine ya kuunganisha simu yenyewe, tuliambiwa tuondoke kwenye ubao. Nilirudi nyumbani nikalala, nikamwambia babu yako nina malaria. Sikuwa na malaria. Alijua. Akaenda akaninunulia dawa, ile chungu, nami nikaimeza yote nikimwangalia, na hakuna aliyesema kitu. Siku nilipoamka mwenyewe aliniandalia chai. Nilitaka nawe uamke mwenyewe. Lakini sasa naona umelala zaidi, kwa hiyo nimekuja kukuvuta blanketi.

Sikia habari ya watu wako tisa. Ulipotuma Masila wa kwanza, nilibeba redio kwenye mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana shambani. Tulikuwa tunachimba matuta kwa Kasyoki. Niliwasha ili nikusikilize tena nikifanya kazi, basi. Majembe yakanyamaza moja moja. Kasyoki akasema, "Mbithe, rudisha nyuma hapo, huyo mtu amesema nini juu ya simu yangu?" Nikarudisha. Tulichimba kidogo sana siku ile.

Tangu hapo Mueni anawanakilia. Unajua kazi yake, anawawekea watu nyimbo na mahubiri kwenye kadi. Sasa wanakuja wanasema, "Niwekee za kwaya, na Masila." Upande huu wa kilima intaneti haifiki, kwa hiyo ile hesabu yako haina macho ya kutuona. Wavuvi wanakusikiliza wakitengeneza nyavu. Festus wa bodaboda amekufunga kwenye usukani kwa mpira, anakuja na wewe unasikika tangu darajani. Yeye ndiye aliyekuwa anauliza habari za kubonyeza ndiyo au hapana. Mwalimu Kavindu ndiye wa insha. Friji alishinda Kasyoki, na kama si wewe angewajibu. Mimi sijauliza swali hata moja langu.

Leo baada ya misa walinizunguka. Festus aliniuliza, "Susu, Masila ako wapi? Mbona ametuacha katikati? Alisema atatuambia vile hiyo kompyuta inajua sura ya mtu." Na mimi nikakohoa, kama zamani.

Unasema mtu wa langoni hana haki. Waliponitoa kwenye ubao waliniweka dirishani niuze stempu. Watu walikuwa wanakuja wanasimama mbele ya simu mpya wakiogopa kuzungusha nambari. Mashine ilikuwa imechukua kiti changu, lakini haikutoka nje kumwonyesha mtu pa kuweka kidole. Nilitoka mimi. Sikuagizwa. Nilipenda ile kazi, Kimeu, na sikujifunza kutoipenda, na wewe usijifunze.

Sasa neno la mwisho. Unajua nilivyompata babu yako? Alikuwa karani wa stoo ya pamba huku Masinga. Kila jioni alipiga simu akiomba ofisi ya pamba ya Machakos. Ofisi imeshafungwa, na anajua imefungwa. Nami namwambia imefungwa. Anasema, "Lakini ..." na ile pumzi. Hivyo, mpaka tukaoana.

Jumapili tarehe ishirini na nne, baada ya misa ya pili, nitakupigia simu. Umesoma sawasawa. Mueni atanishikia simu yake. Usiniongelee kwa sauti ya Masila.

Mke wako,
Mbithe

Muthokoi uko tayari. Nilijua tangu zamani nampikia nani.


Mlolongo
17 Agosti 2025

Susu wangu,

Barua yako nimeisomea langoni. Dereva mmoja alikuwa anangoja karatasi yake, akaona ninalia, akazima lori akaniambia, "Boss, chukua muda, mawe haiozi." Nikaisoma tena.

Sina la kujitetea. Niliogopa kwamba nikikosa kazi ile, utakuwa umebaki na mume asiye na kitu cha kusimulia jumuiya. Sikujua jumuiya yenyewe imekaa ndani ya kabati pamoja nami.

Mtu wa kwaya nimemwambia maikrofoni haitoki. Langoni nitaendelea, ni kazi na inanilisha. Lakini asubuhi bado napita kwenye malori na vipokea sauti masikioni, na nimegundua kitu: wiki hii nimesikiliza nikiwa na Kasyoki kichwani. Wale wawili wakisema jambo, najiuliza atalisimamishia jembe au la. Sijawahi kuwaelewa vizuri namna hii.

Kadi hii ina kipindi cha sura za watu, kama nilivyomwahidi Festus. Nimekifungua kwa kusema jina langu. Masila anawasalimu, amehama kweli.

Nakupenda sana, Susu. Jumapili nitakuwa nimeishika simu mkononi tangu misa ya kwanza.

Mume wako,
Kimeu


Masinga
25 Agosti 2025

Kimeu,

Wewe uliongea na yeye lakini hukuona, kwa hiyo nakuandikia yale hukuona.

Susu alikuja dukani na kile kitambaa cha kichwa anavaa Pasaka. Nikafukuza wateja. Nikamwekea kiti, nikatafuta jina lako, nikamwambia, "Susu, bonyeza hapa." Akaniambia ningoje. Akatoa hereni, ya kushoto peke yake, akaiweka juu ya meza karibu na chaja. Nikamuuliza, "Na hii nyingine je?" Akasema, "Kazini hatukuvaa ya upande huu. Inagonga chombo cha kusikilizia."

Halafu akakaa wima. Kimeu, sijawahi kuona Susu akikaa hivyo. Ulipojibu, hakusema "hello" wala hakusema jina lako. Alisema, "Nambari gani, tafadhali?" kwa Kiswahili cha ofisini kabisa, na mimi nikadhani amechanganyikiwa. Halafu nikasikia wewe kule ndani ukisema, pole pole, "Naomba ofisi ya pamba." Na yeye akafunga macho akasema, "Ofisi imefungwa, bwana." Ukasema, "Lakini ..."

Hapo ndipo uliuliza kama network imepotea, kwa sababu hakujibu. Haikuwa imepotea. Alikuwa ameweka mkono kwa mdomo. Ukaendelea kuuliza, "Susu? Susu uko?" na mimi nilitaka kunyakua simu nikuambie yuko, lakini alinikataza kwa macho. Ndipo akasema lile ulilosikia, kwamba usikate, endelea kuongea. Ukaanza kumwambia jirani wa matumbo, na malori, na vile umenunua sukuma wiki. Hukusema kitu ya maana hata moja, na Susu alikuwa anatingisha kichwa kama anasikiliza mahubiri.

Airtime yangu iliisha ndiyo simu ikakatika, sio wewe. Nikamwambia, "Susu, imekatika, nikuwekee tena?" Akasema hapana, inatosha kwa leo. Lakini simu hakunipa. Aliishika hapo kwa sikio kwa muda, na mimi nikaenda nikapanga soda kwa friji, ili asione kwamba namwona.

Akitoka akavaa hereni yake. Akaniambia nikuandikie kwamba leso anataka ya kijani, na kwamba kadi ya mwezi ujao isichelewe, watu wa mwethya wako kwa Kavindu wiki ya kwanza.

Mueni